Tumbo la Twiga

Ndugu yangu, mimi si mtu. Mimi ni shetani aliyevaa sare ya shule.

Unakumbuka nilivyomfundisha rafiki yangu Twiga kujikunja na kujifanya tumbo linamuuma ili tukwepe mbio za asubuhi? Leo kajikunja kweli. Mwalimu wa michezo akaniuliza mimi. Nikajibu kwa heshima zote, "Anaigiza, mwalimu. Mwambie aruke."

ARUKE! Mimi ndiye niliyesema aruke!

Karuka mara moja tu, kaanguka analia. Nesi wa shule akasema tumbo linalouma hivyo ukiruka huenda ni kidole tumbo, Twiga akakimbizwa hospitali.

Kapasuliwa, yuko salama. Nimeenda kumwona na hotuba yangu ya kuomba msamaha. Kafungua jicho moja, kaninong'oneza, "Mwalimu wangu, leo nimeigiza vizuri?"

Nimelia mbele ya nesi. Usimwambie mtu.