Mistari Minane Mitupu

London, 4 Machi 2013

Dada Verna mpendwa,

Hujambo? Natumai goti limepoa na saluni haikupi presha. Mimi ni mzima, isipokuwa silali kwa woga.

Najua siku hizi tunaonana mazikoni tu. Nakuandikia kwa sababu bendi yetu imerudi. Baada ya miaka kumi na tisa tumerekodi albamu: muziki wetu uleule wa fanki, na vijana wawili wa mtaa wa Peckham wanachana mistari ya rap juu yake. Nimekutumia santuri ya majaribio, ile ya jalada jeupe lisilo na jina. Ipige saluni, usiseme ni ya nani. Watu wa mtaa wenu wa Chapeltown hawampaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Wakiikataa, siitoi.

Mdogo wako,
Lenroy

Leeds, 19 Machi 2013

Mdogo wangu Lenroy,

Mzigo umefika. Goti bado linalalamika, nami nimelizoea. Wewe kunywa chai ya tangawizi, uache kujitisha.

Niliipiga Jumamosi, saluni imejaa. Bi Maynard, mteja wangu wa miaka kumi na moja, alikuwa chini ya mashine ya kukaushia. Aliposikia gitaa lako la besi akatoa kichwa nje. "Nani hawa? Mbona mguu wangu hauniheshimu?" Gaynor, dereva wa basi, akasema, "Hawa wamekula chumvi nyingi, na bado wanawatoa watoto jasho." Nikamuuliza kuhusu wale wanaochana. "Wanajua kunyamaza ngoma ikisema. Siku hizi hilo ni adimu." Keith wa posta alikuja kuleta barua, akaketi nyimbo mbili nzima. Siku hiyo mtaa wetu ulipata barua saa nane.

Mimi pia nimeipenda, na kukuambia hivyo kunaniuma kidogo. Besi yako imekomaa. Zamani ulikuwa unakimbia, sasa unatembea.

Ila wimbo wa tano una kasoro. Katikati sauti inapotea, inabaki ngoma tupu kwa mistari minane. Bi Maynard alinituma nifute vumbi kwenye sindano ya gramafoni mara mbili, na nikafuta. Mwambieni fundi wenu wa sauti.

Dada yako,
Verna

London, 25 Machi 2013

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa saluni nzima. Niliwasomea wenzangu barua yako mazoezini, mpiga ngoma wetu akalia, akasingizia mafua.

Wimbo wa tano hauna kasoro. Hapo ni mahali pako. Waimbaji watatu wamejaribu, wote nimewafuta. Njoo uimbe.

Mdogo wako,
Lenroy

Leeds, 28 Machi 2013

Lenroy,

Hatujambo.

Mwaka 1994, nilipomaliza kurekodi sauti yangu, nilikwenda kisiwani Nevis kumzika bibi. Niliporudi albamu yetu ilikuwa dukani. Nilikwenda huko na rafiki zangu wanne ili wanisikie, tukamsikia msichana mwingine. Hukunipigia hata simu. Leo unaniachia nafasi, halafu nikushukuru? Kuacha nafasi si kuomba radhi. Mlango uko wazi miaka yote hii, wewe unapitia dirishani.

Verna

London, 2 Mei 2013

Dada Verna,

Natumai hujambo. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaitupa.

Produsa wetu wa wakati ule alisema sauti yako ni ya kanisani mno, nami nikasema sawa. Kosa si lake. Kiongozi wa bendi nilikuwa mimi, ningeweza kukataa. Niliogopa kupoteza mkataba, kisha nikauogopa uso wako. Nilikukosea, dada. Nisamehe.

Usipotaka kuimba, albamu itatoka na pengo lake. Watu wakisema ni mbovu, waseme.

Mdogo wako,
Lenroy

Leeds, 9 Mei 2013

Mdogo wangu,

Mimi ni mzima. Barua yako niliisoma mbele ya wateja, machozi yakanishinda. Gaynor akafunga mlango wa saluni, akageuza kibao kionyeshe tumefunga.

Ikabidi niwaambie muziki ule ni wa nani, na mimi nilikuwa nani. Bi Maynard alikasirika kweli. "Miaka kumi na moja unanivuta nywele, hujaniambia unaimba?" Akaweka santuri mwenyewe, wimbo wa tano, akanielekezea kitana kama kipaza sauti nianze.

Nikaimba, Lenroy. Ngoma ilinimalizikia nikiwa ndiyo kwanza nafungua kifua.

Nimekusamehe. Nakuja Ijumaa ya wiki ijayo na treni ya saa nne. Lakini mistari minane hainitoshi. Nataka wimbo mzima.

Dada yako,
Verna