Lenzi ya Mrusi na Uso Wako, Faki

Basi, Faki mume wangu, jana katika barua hii nilikuwa nimefika pale kwenye ubishi wetu wa kamera, dada yako Salma akaja kunipa habari za nani kaachika huko Vitongoji. Na weye wanijua, kalamu niliitupa.

Kamera zako mbili, Mjerumani na Mrusi, ulizivaa shingoni pamoja kama hirizi. Zote za kuchungulia kidirishani: mtu unamwona yuko wawili, unazungusha lenzi mpaka wanaingiana. "Zungusha mpaka wawe mmoja," ulinifundisha, "kama siye." Nikaona haya!

Ya Mjerumani kali, ilihesabu nyusi. Ya Mrusi katikati nzuri, pembeni inayeyuka, na jua likiipiga mbele picha yote inapauka. Nami nikaizidishia ubovu. Nikaifungia kashani juu ya karafuu, kama tuwekavyo kanga zisiliwe na wadudu, msimu mzima. Ulipoitoa, kioo kimefanya utando kwa ndani. Ukapangusa weee, haitoki. Nikangoja kutukanwa, weye ukacheka: "Maua, Mrusi wangu ananuka pilau!"

Lakini wanawake waliokuja kwako kupigwa picha waliipenda hiyo hiyo. Wamkumbuka Bi Time wa Wingwi, mwenye alama za ndui? "Faki, nipige na ile yenye huruma."

"Bi Time, lenzi haina huruma. Nzuri ni ile isemayo kweli."

"Na nani kakwambia watu wanakuja kwako kutaka kweli?" nikadakia miye. Bi Time akacheka mpaka ushungi ukamvuka. Ukaninunia siku mbili.

Ndipo asubuhi ile ya kwenda kuchuma karafuu ukasema, "Nipige miye, kwa zote mbili, tumalize ubishi." Maisha yako yote ulipiga wenzako, mwenyewe huna hata picha moja. Ukasimama kwenye ukuta wa chokaa, kanzu na kofia. Nikaanza na Mjerumani. Nikawaona Faki wawili, nikazungusha taratibu, wakawa mmoja. Kisha Mrusi. Ukabadili nguo za shamba, ukaondoka unapiga mbinja. Tawi la mkarafuu lilivyokatika nawe, hilo weye walijua mwenyewe, sirudii.

Nilipotoka eda nikapeleka filimu kwa fundi wa picha, mjini Chake. Ya Mjerumani nyeusi tii. Akanitazama kwa huruma: "Bi Maua, kifuniko cha lenzi hukukitoa." Kidirisha kiko pembeni, Faki, mbali na lenzi! Miye nilikuona safi kabisa, kumbe lenzi imefumba macho. Ya Mrusi ilitoka. Kofia ipo, kanzu ipo. Katikati, penye uso, moshi: ule utando wangu wa karafuu.

Leo Raya, uliyemwacha tumboni, anaolewa. Asubuhi kaniomba picha yako. Nikampa hiyo. Akaigeuza, akaisogeza dirishani.

"Mama, pua yake ilikuwaje?"

Mdomo wangu huu haujui kungoja. "Kama yako, mwanangu."

Akaishika pua yake, akatabasamu. Wallahi, Faki, sikumbuki. Mbinja yako naisikia, mkono wako naujua, lakini uso nikiutafuta naukuta ule moshi. Watu wakisema mtoto kafanana nawe, naitikia. Miye nisiyeficha hata ya majirani, hili sijamwambia mtu.

Ubishi umeushinda weye. Sitaki huruma. Nataka kovu la nyusi (lilikuwa la kulia au la kushoto?), nataka vinyweleo, nataka lile jino lako bovu nililokutania. Nikajifanya najua uzuri wa lenzi, na kifuniko sikukiona! Kila nikichambua karafuu harufu ile inaniingia mpaka huku kifuani, najifuta macho, nawaambia wenzangu ni vumbi, kisha nawapigia hadithi wanacheka, nami nacheka nao, na...

Huyo Salma, keshaanza kupiga kelele uani: "Wifi! Wifi we! Mpiga picha keshafika, na Raya kagoma kupigwa mpaka uje!"

Naja! Niache, Faki. Nikimbie nikamwambie atoe kifuniko.

Mkeo