Benchi la Mzee Sostenes

Jumapili, 2 Machi 2025
Watu kumi na tisa. Pamoja na mimi katekista, na Mzee Sostenes aliyesinzia kwenye benchi lake la mbele. Padre ameandika: Jumapili ijayo anakuja kuamua kama kigango chetu kifungwe, tukasali ng'ambo ya bonde. Miaka kumi na moja nafundisha hapa! Nilimkuta Nyamizi gengeni, nikamuuliza mbona haonekani. Akacheka. Eti homa na njaa hazingoji Jumapili, sasa kanisa lamfaa nini? Nimekasirika — nimerudi bila hata chumvi niliyoifuata.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Mvua tangu alfajiri. Saa sita Idi, jirani yangu, kaja mbio: mkewe Zulfa ameshikwa na uchungu, bodaboda hazipandi kwa tope. Machela ya kijiji imeliwa na mchwa. Nikakimbilia rimu ya lori, kengele yetu. Nikagonga mapigo ya ibada — mengine siyajui! Wengine wakaja kupakwa majivu, wengine kuuliza nani kafa. Nyamizi wa kwanza. Nikasema litolewe benchi la mbele. Mzee Sostenes akagoma: benchi limebarikiwa. Tukalifunga miti miwili kwa vitenge, tukambeba Zulfa kwenda zahanati. Mzee akafuata nyuma, eti analinda benchi. Kilima cha pili, namwona, mti uko begani mwake, anahema. Majivu yamebaki kwenye kisahani. Tope tumepata la kutosha.

Alhamisi, 6 Machi
Mtoto wa kike! Mama mzima, mtoto mzima. Asante Mungu, asante, asante. Nimelala kama gogo. Idi kaleta mkungu wa ndizi kanisani, akavua viatu mlangoni. Akauliza, “Mwalimu, hata sisi Waislamu tukipata shida, tunaruhusiwa kuigonga kengele?” Nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Kisha nikafikiri. Bado ndiyo.
Kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, machela ni ingobyi. Mbeleko ya mtoto, ingobyi hiyohiyo. Nimefundisha kanisa ni safina, kanisa ni mwili. Neno hili lililo mdomoni mwangu tangu utoto sikuwahi kulisema juu ya kanisa.

Ijumaa, 7 Machi
Mzee Sostenes analisugua benchi kwa mchanga. Hataki msaada. Anamsimulia kila apitaye — leo vilima vimefika vitano.

Jumapili, 9 Machi
Watu ishirini na watatu. Muujiza haukutokea. Nyamizi hayumo. Padre alihesabu kwa macho, nikaona. Katikati ya mahubiri — rimu! Ni Idi. Rwekaza mchoma mkaa kateleza mtoni, mguu umevunjika. Kabla sijasimama, Mzee Sostenes keshainua benchi. Nje Nyamizi anasubiri na miti. Ndani tukabaki wawili.
“Mwalimu, ndiyo kusema Misa imekwisha?”
“Sijui, Padre. Ila mabega ni machache.”
Akavua mavazi ya Misa.
Naandika nikiwa barazani, zahanati. Rwekaza anafungwa mguu, anagombana na nesi — dalili njema. Kuhusu kigango, Padre hajasema lolote. Amekaa kwenye benchi letu, viatu tope tupu, daftari magotini. Ameniuliza tu, lile neno nililomwambia njiani, ingobyi, linaandikwaje.