Hatua ya Saba Imefutwa

Alhamisi. Mawingu yametanda juu ya Tabora tangu asubuhi, mvua yenyewe inaringa.

Katika kiwanda chetu cha asali hakuna anayeheshimiwa kama mimi. Kila siku, kabla hawajafunga ndoo hata moja, wafanyakazi wanapita chumbani kwangu mmoja mmoja: "Shikamoo mzee!" Hata meneja hapati hizo.

Uongo. Walikuwa wanakuja kwa sababu niliandika waje.

Kazi yangu ni kutunza miongozo: namna ya kupokea asali kutoka vijiji vya Kigwa, kuichuja, kuijaza, kuosha vyombo. Mimi ni wa darasa la nne, lakini kompyuta tunaelewana, ikigoma naizima. Mama watoto alipofariki, nyumba yetu ya mtaa wa Chemchem ikawa kimya mno, nikachomeka kitu kidogo kwenye mwongozo wa kufunga ndoo. Hatua ya saba: pita chumba cha nyaraka, mwamkie mzee. Meneja akasaini bila kusoma, kama ilivyo ada ya mameneja.

Miaka ikapita, nikaamkiwa.

Sasa amekuja msimamizi mpya wa ubora, Rehema, Mzaramo, mtani wangu mimi Mnyamwezi. Yeye anasoma. Jana alisimama mlangoni na karatasi mkononi.

"Mtani, hii hatua ya saba inahusiana nini na asali?"

"Inaongeza utamu."

Akacheka mpaka akashika mlango. Halafu akaniambia niifute.

Nimeifuta. Mwongozo mpya nimeuchapa mwenyewe, nikaubandika ukutani kwa mkono wangu.

Leo nimekaa na kofia yangu kichwani, kiti cha wageni nimekisogeza karibu. Nimesikia vifuniko vikigongwa, pa, pa, pa. Saidi wa kufunga ndoo akapita na ndala zake. Nikakohoa.

Akapita tu.

Simlaumu, anafuata utaratibu. Ila nilidhani angalau mmoja amezoea.

Rehema, najua unasoma blogu hii, kicheko chako nakisikia kutoka huku. Siku uliposhuka treni nilikubebea lile begi lako zito kama mawe mpaka kwako, ukasema Mnyamwezi ni mpagazi tangu enzi za misafara, ukaahidi kunilipa. Sitaki hela, na hatua yangu sidai irudi. Kesho ukipita, ingia. Nitukane kidogo, kitani, halafu uende zako kazini.