Mayai Uliyonilisha kwa Kujificha

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo Mayu, huko ahera uliko. Juzi nilitoboa siri yetu, na wala sikuombi radhi.

Unakumbuka mimba ya Masanja? Nilikuwa mwembamba kama ufito, na ukoo mzima hapa Kharumwa ukanikataza mayai. Eti mjamzito akila yai atazaa mtoto mwenye kipara. Mayai yakaenda shikome, kwenye moto wa wanaume, sisi jikoni tukabaki na mlenda. Ila wewe ulikuwa unatumbukiza yai moja kwenye chungu cha viazi, kisha unalipasua polepole kiganjani. "Tafuna taratibu, mwanangu," ulininong'oneza, "watu hawa wana masikio." Maganda uliyafukia jivuni.

Masanja akazaliwa na nywele mpaka masikioni! Baba mkwe akamnyanyua kwa majivuno: "Mnaona? Mama yake alishika miiko." Ukakimbilia nyuma ya nyumba ukacheka hadi machozi, umeziba mdomo kwa khanga. Nilikupenda sana siku ile.

Sasa Masanja yuko Geita kwenye mashimo ya dhahabu, na mkewe Kabula nimeachiwa mimi, mjamzito. Mahindi yalikauka kabla ya kubeba. Tunakula michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, asubuhi na jioni. Wiki iliyopita Kabula alianguka kwa kizunguzungu pale kisimani. Kule zahanati nesi alimfunua jicho, akanigeukia mimi. "Mama, damu imeisha huyu. Mpeni mayai, dagaa, maharage. Akija kujifungua hivi, tunaweza kumpoteza." Dagaa hatuna, maharage hatuna. Kuku wako wapo, na wanataga.

Nikamchemshia. Baba mkwe akaja mpaka mlango wa jikoni, amevimba.

"Mama Masanja, unataka utuletee mtoto wa kipara?"

Nilipandwa na hasira, Mayu. Mimi niliyezoea kumpigia magoti, nilimjibu nimesimama. "Baba, Masanja nilimbeba kwa mayai. Na mama mwenyewe ndiye aliyenichemshia."

"Mke wangu?"

"Ndiyo, baba. Jikoni humu humu."

Akarudi shikome. Tangu hapo hanisemeshi, amenuna. Na anune! Kununa hakujamzika mtu, lakini kukosa damu kumetuzikia wanawake wengi na watoto wao, nasi tukaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Mungu gani anayegawa mayai kwa ndevu?

Nakukumbuka, Mayu, na bado naumia kwamba ulinitendea wema kwa woga kama mwizi, ndani ya nyumba yako mwenyewe. Hukuwa na njia nyingine. Mimi nimeamua kutojificha, hata wakinirudisha kwetu.

Hapa ninapokuandikia, Kabula amekaa kizingitini. Anagonga yai lake kwenye jiwe, ko, ko, ko, na kule shikome wote wanasikia.

Pumzika, Mayu. Maganda sifukii tena.

Mkwe wako uliyemlisha,
Mama Masanja