Nani Anatia Maji Mafuta ya Kaka

Alhamisi, 17 Julai

Mwezi wa Karkidakam umeingia na mvua yake. Nimeweka maua kumi mlangoni, nimewasha taa, nimemshukuru Mungu kwa kutufikisha. Hata chai sijanywa, Ouseph mgema utomvu wa mpira huyo, chupa mkononi. Mafuta yake ya magoti yameota ukungu! Hata mwezi hayajamaliza. Hakukasirika, akatania tu: "Dada Madhavi, safari hii mmenipa dawa au mchuzi?"

Nikacheka.

Mafuta ya nyumba hii hukaa miaka miwili bila kubadilika harufu. Tunayapika na maji ya mizizi na maziwa mpaka maji yote yaishe, ibaki dawa ndani ya mafuta ya ufuta. Yakiota ukungu, yana maji. Mimi naifanya kazi hii mwaka wa thelathini sasa, tangu nilipofiwa na mume nikarudi hapa kwa kaka. Sijawahi kuacha maji.

Basi nani kayatia?

Jumamosi, 19 Julai

Nimepika upya. Mizizi ya kurunthotti niliichimba jana. Juzi jioni nilikwenda kuuomba radhi mmea, kama Baba alivyotufundisha. Nikakoroga kwa saa nane. Daftari hili naliweka juu ya kinu, mkono mmoja mwiko, mkono mmoja kalamu. Ndiyo maana lina madoa.

Alasiri nikampelekea Kaka machicha ya chini ya sufuria. Yeye ndiye tabibu, kipimo cha utambi ni chake. Huyasokota kwa vidole, huyawasha kwenye taa ya mungu, mlango umerudishwa, peke yake. Utambi ukitatarika, maji bado yamo. Ukiwaka kimya, mafuta yameiva. Baba alifanya hivyo, na baba yake. Sisi wengine hatuingii.

Akatoka akasema: kimya, ipua. Mimi niliona povu halijatulia vizuri. Lakini neno la Kaka ni neno.

Nimeandika kwa sababu ya jambo moja. Praseetha, mke wa mtoto wake, alipita jikoni mara mbili na kata ya maji. Nikamuuliza. Eti anaosha vyombo vya mtoto. Vyombo gani vya mtoto wa miezi mitano?

Jumatatu, 21 Julai

Huyu msichana ana cheti cha duka la dawa, alisomea mjini. Tangu aolewe anasema watu siku hizi wanataka vidonge, na kwamba banda la jiko lingefaa kuwa duka lenye vioo. Alisema akicheka. Mimi sikucheka.

Na Kaka amebadilika. Jioni nasoma kitabu kitakatifu kwa sauti, kama kila mwaka mwezi huu. Zamani nikikosea silabi moja tu anakohoa. Leo niliruka ubeti mzima — mzima! Hakukohoa. Aliangalia mvua. Asubuhi nilimwita kutoka nyuma mara tatu, yuko pale pale kwenye mrehani, hakugeuka. Sijamkosea chochote. Kuna mtu anamtia maneno.

Jumatano, 23 Julai

Chupa ya pili imerudi, ya mke wa mwalimu. Ni ya mafuta niliyoyapika Jumamosi!

Na hapa ndipo naogopa. Sufuria ilipopoa Jumamosi nilifunga mfuniko kwa uzi, mafundo saba. Sikumwambia mtu. Jumapili niliyakuta yote saba. Nikajaza chupa mwenyewe, nikazifungia kabatini, ufunguo kifuani. Halafu maji yameingiaje? Huyu msichana ana mkono mwepesi kuliko nilivyodhani. Labda anafungua na kufunga upya. Vidole vyake ni vyembamba.

Leo amenijia kwa sauti ya chini, eti: "Shangazi, nataka kukuambia kuhusu Baba. Tumpeleke mjini akapimwe." Nikamkata hapo hapo. Nikamwambia kaka yangu anapima watu, hapimwi. Akafunga mdomo, akachukua mtoto akaenda zake. Nilimwelewa vizuri. Anataka mzee aonekane amechoka, duka lipate njia.

Ijumaa, 25 Julai

Nimemwambia Kaka. Mungu anajua sikutaka.

Nilianza kwa kunong'ona, maana ni aibu ya nyumba. Akaniuliza nini. Nikarudia. Nini? Mara ya tatu nilipayuka: "Mkwe wako anatia maji mafuta yako!" Siri gani hiyo ya kupayuka! Praseetha alikuwa barazani anaanika nepi. Alisikia. Jirani naye nadhani alisikia.

Kaka akasema, "Mwite baba yake aje amchukue."

Msichana hakupiga kelele. Alisema, "Shangazi, mimi?" basi. Tena akaniangalia kama mtu anayetaka kuongeza neno, akamwangalia Baba mkwe wake, akaacha. Alimpigia mumewe, Sudheeran, aliye kazini Muscat, mtoto akilia mapajani. Sudheeran akataka kuongea na baba yake. Kaka alishika simu, akasema laini mbovu, akanirudishia. Mimi laini niliiona nzuri tu. Sudheeran alinisihi, Shangazi, ngojeni nirudi. Nikamwambia watu wa magoti hawangoji.

Jumatatu, 28 Julai

Sina hamu ya kula. Hata uji wa dawa wa mwezi huu sikuumaliza. Praseetha anafunga begi polepole. Bado ananiwekea maji ya moto ya kuoga kila asubuhi.

Mungu, kama nimekosea nionyeshe.

Lakini sijakosea.

Jumatano, 30 Julai

Baba yake Praseetha, Damodaran, amefika na basi la kwanza. Alikuwa kondakta miaka mingi, ana sauti pana na adabu. Alikataa chai. Akasema, "Dada, mwanangu nitamchukua, sikuja kugombana. Lakini sitamchukua kama mwizi. Pikeni sufuria moja, yeye akae hapa kando yangu mchana kutwa. Na huo utambi uwashwe hapa barazani, sote tuone. Yakichacha tena, mtajiuliza ni nani mwingine."

Niliona ni haki. Niliona pia kwamba hapo ndipo msichana atakapoumbuka, maana safari hii mafuta yatakuwa safi. Kaka ilibidi aambiwe kwa kuonyeshwa kwa mikono, alikuwa hamwelewi mgeni. Utambi nje ya chumba cha mungu hakuupenda, lakini alikubali. Akabeba taa mwenyewe.

Nilikoroga tangu alfajiri. Msichana hakuinuka hata mara moja ila kunyonyesha. Begi liko mlangoni. Saa tisa mvua ilikatika, ikawa kimya mpaka matone ya paani yanahesabika.

Nikapeleka machicha. Kaka akasokota, akawasha.

Ukatatarika. Ta-ta-ta, kama haradali kwenye mafuta ya moto. Cheche ikaruka juu ya mkeka. Mtoto aligeuza kichwa kuangalia.

Kaka alikuwa ameinamisha sikio karibu na moto, macho amefumba, vile vile kama Baba. Akatabasamu.

"Kimya," akasema. "Madhavi, ipua."

Damodaran alimtazama binti yake. Binti alitazama sakafu. Angeweza kusema — mbele ya baba yake, mbele yangu, siku hiyo ndiyo ilikuwa yake. Yeye akazima cheche ya mkekani kwa kiganja.

Mimi nikasema, "Bado, Kaka. Bado ukuni mmoja." Alikuwa ameshanigeuzia mgongo ananawa mikono.

Nilirudi huku jikoni. Praseetha akanifuata, akatia ukuni yeye mwenyewe, akanipa mwiko mkononi. Nikamuuliza tangu lini hasikii. Akasema tangu Machi, anaona. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Kisha nikakumbuka nilivyomkata Jumatano ile. Amerudi barazani kwa baba yake.

Sasa naandika huku nakoroga. Chupa za miezi mitano ziko kwa watu. Huko nje namsikia Kaka anamsimulia mgeni jinsi babu yetu alivyokuwa akisikia tone moja la maji ndani ya sufuria nzima. Anasimulia kwa furaha, kwa sauti kubwa. Damodaran anaitikia ndiyo, ndiyo. Hanywi chai. Ananingoja mimi.

Kaka anaita, nimeipua?

Nimeshajibu mara mbili. Anaita tena.

Itabidi nitoke, nikasimame mbele yake, siyo nyuma, aone mdomo wangu. Mbele ya mgeni.

Povu bado halijatulia.