Bakuli Lako Liko Minto

Mamangu kipenzi,

Mjukuu wako Rehema amelala usingizi wa mchana, nami nimepata nafasi ya kukaa nawe kidogo. Najua barua hii haina pa kufikia. Lakini mdomo umezoea kukueleza mambo, na simu yako haipokelewi tena, basi acha mkono useme.

Wakumbuka ulivyokuwa ukiuza mahamri pale Mambrui, karibu na lile kaburi la mnara? Wageni walikuja kutazama mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa ukutani mwake, nawe ukiwawahi kabla ya mkata tiketi. "Karibuni, kuleni kwanza. Maiti hana haraka." Mimi nimeshika birika, nacheka mpaka chai inamwagika. Kisha ukianza: mabakuli haya yaliletwa na meli za mfalme wa China, kila meli kama mtaa mzima. Zikafika Malindi, na mfalme wa Malindi naye akampelekea mwenzake twiga. Huko hawakuwa wamemwona mnyama yule, wakadhani ameshuka kutoka mbinguni.

Siku moja nikakuuliza, "Na twiga mwenyewe alisemaje?"

"Nani alimuuliza? Alilishwa, akatazamwa."

Nimelielewa jibu lako hapa Sydney, mama, kwenye ghala la Ingleburn, jirani na Minto tunakokaa, ninakopakia maboksi.

Halafu wakaja wale Wachina wa kuchimba magofu, na mkalimani wao. Hukuwaogopa hata kidogo. "Mmerudi kufuata mabakuli yenu? Tumeshayalia wali, hatuwapi!" Mkalimani alipowafasiria walicheka, na mzee wao akanunua beseni zima la mahamri. Ni yeye aliyekwambia kipande usichokijua: kwamba baadaye wafalme wa kwao waliacha kutuma meli zile, wakapiga marufuku watu kusafiri baharini, na meli kubwa zikaozea bandarini. Tulipokuwa tukirudi nyumbani, beseni tupu kichwani, ndipo ukauliza, "Sasa waliokuwa ugenini walirudi vipi?"

Mimi niliyeishia darasa la nane ningejua nini? Nikasema labda waliolewa huko huko. Ukanipiga kofi la mgongo, la mapenzi.

Nyumbani kwetu kila mwanamke ana bakuli lake la kulia, na akifa bakuli hilo hupachikwa upande wa kichwa cha kaburi lake, kama walivyofanya wa kale. La bibi liko pale. Ustadhi alipokukemea kwamba kaburi halipambwi, ulimjibu, "Ustadhi, bakuli halimwombei mtu. Lamtambulisha tu." Nilipoolewa nikamfuata Baba Rehema huku, ulilifunga lako, lile la maua ya buluu, ndani ya kanga, ukalitia katikati ya nguo zangu. "Usimpe mtu alete. Ulete mwenyewe." Nikadhani ni zawadi. Nilipofika uwanja wa ndege ndipo nilipojua umenifunga kamba.

Kisha ikaja corona. Serikali ya huku ikafunga mipaka: huingii, na kutoka ni mpaka upewe ruhusa. Lokdauni ikatubana sisi wa magharibi ya mji kuliko wengine, askari barabarani, helikopta juu ya mapaa. Kakangu Athumani akapiga simu. "Mama pumzi inamwishia. Hospitali imejaa, mtungi wa oksijeni twangojea zamu." Niliomba ruhusa ya kusafiri. Jibu lilikuja umeshazikwa.

Nilikuona ukizikwa, mama. Asubuhi ya kwenu, jioni ya kwetu, Athumani ameshika simu juu ya vichwa vya wanaume. Lau ningekuwa Mambrui ningebaki ndani na wanawake wenzangu, wala nisingeona udongo. Ugeni ndio ulionipeleka kaburini kwako. Mtandao ukakatika kabla ya dua kwisha, nikabaki natazama uso wangu mwenyewe kwenye kioo.

Huku matanga hayakuruhusiwa. Mama Neema tu, jirani yetu Mkongomani, alisimama ng'ambo ya ua na sufuria ya kisamvu. "Mama Rehema, naleta sombe. Miye niko Mukristo, weye Muislamu, lakini kilio ni kimoja. Kula." Nilikula nimesimama, nakulilia sufuriani.

Juzi Athumani kapiga tena. Fundi amemaliza kukujengea kaburi, ameacha tundu la bakuli upande wa kichwa, na mvua zakaribia.

"Nimeona bakuli zuri dukani Malindi," akasema. "La Kichina vilevile."

"La udongo?"

"La melamini."

"Athumani! Mama na melamini?"

"Halivunjiki, dada!"

Tukacheka mpaka tukakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uende. Halafu akauliza polepole, "Basi fundi azibe?"

Nikamwomba anipe siku moja. Baba Rehema alisema wazibe, mama keshapumzika, tundu ni tundu. Ana haki yake, hataki nilie. Nikalitoa bakuli kabatini. Nikawaza kulituma kwa posta, nikasikia sauti yako ikinigombeza. Rehema akauliza ni la nani, nikamwambia la bibi. Akanijibu kwa Kizungu chake: sasa bibi anakulia kwenye nini?

Leo nimempigia Athumani, nikamkuta kaburini kwako na fundi. "Usizibe."

"Nyigu watajenga humo."

"Wajenge."

"Maji yataingia. Ustadhi atasema. Na wewe hujui lini watafungua mipaka."

"Sijui. Lakini watafungua, kakangu. Hata wale Wachina walirudi."

Nikasikia upepo wa kwenu kwenye simu, na koleo likikwaruza karai. Kisha nikamsikia akimgeukia fundi: "Acha hivyo hivyo. Mwenyewe yuko njiani."

Mama, siko njiani. Niko Minto, sina tiketi wala ruhusa, na kesho naingia shifti ya alfajiri. Lakini kakangu ameshalisema mbele yako. Tafadhali, usimbishie.

Lala salama, mamangu.

Ni mimi bintiyo, mama yake Rehema.